Bei zinaingilia wapi: hotuba ya Lubumbashi kuhusu mazuti, umeme, unga na faranga

Wazazi wetu, wandugu wafanyabiashara wa Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu, wenye mashine za kusaga, wenye depo za kuuza kwa jumla, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: jambo kwenu nyote, na aksanti kwa kufika.

Tumekuja na neno moja. Katika nchi yetu mfumuko wa bei hauzimwi na riba ya Benki Kuu peke yake, kwa sababu riba hiyo inashika sehemu ndogo tu ya pesa tunazozitumia. Bei zetu zinapandishwa na vitu vinne vinavyovuka mpaka: dola, mazuti (yaani dizeli), umeme na mahindi. Mwenye kutaka kuulinda uchumi wa Kongo na asimame pale vinapoingilia, na asimame mapema. Akingoja mpaka foleni ifike kwenye pompu ya esansi (petroli), amechelewa.

Tuanze na mwaka 2022, kwa sababu wengi bado wanauliza vita ya Ukraine iliingiaje kwenye sahani ya bukari, ugali wetu. Bei ya pipa la mafuta ya Brent, kipimo cha bei ya dunia, ilikuwa imeanguka sana Aprili 2020 wakati dunia ilipofungwa na korona. Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilipita dola 120. Ulaya, ambayo mwaka 2021 ilitegemea Urusi kwa karibu 40% ya gesi yake ya kuagiza, ikaanza kununua gesi popote kwa bei yoyote. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi. Viwanda vya Ulaya vikapunguza kazi, na bei ya tani moja ikapita dola 900. Kwa mkulima wa huku hiyo ni dola 45 kwa mfuko wa kilo 50 kabla haujalipiwa meli, lori, forodha wala faida ya mwenye duka. Mkulima wa Kasenga aliyezoea kutia mifuko minne kwa hekta akatia miwili au hakutia kabisa, na mavuno ya Aprili mwaka uliofuata yakaonyesha. Ndiyo maana bei ya unga inaweza kupanda miezi kumi baada ya mafuta kushuka. Watu husema wafanyabiashara wana tamaa, na wapo wenye tamaa, lakini sehemu kubwa ya bei hiyo ilikwisha kuamuliwa siku mbegu ilipotiwa udongoni bila mbolea.

Sasa faranga.

Katika akiba zilizowekwa benki za nchi yetu, karibu sehemu tisa kati ya kumi ziko kwa pesa za kigeni. Nyumba nyingi zinapangishwa kwa dola, gari inauzwa kwa dola, ada za shule nyingi zinahesabiwa kwa dola. Faranga inabaki kwenye mshahara wa mwalimu, wa muuguzi, wa askari, na kwenye kibanda cha nyanya. Kwa hiyo faranga inapoanguka, mzigo wote unawaangukia hao. Chukueni mtumishi wa serikali anayepata faranga 400,000. Mwaka 2022, dola ilipokuwa karibu faranga 2,000, mshahara wake ulikuwa dola 200. Mwisho wa 2023 dola ilifika karibu 2,700, na mshahara ule ule ukawa dola 148. Hakuna aliyemkata hata faranga moja, lakini robo ya mshahara imekwenda.

Kwa nini ilianguka? Mwaka 2023 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na vita ya mashariki mwa nchi yetu ilikuwa inakula pesa. Wakati huohuo bei ya kobalti, ambayo inatuletea dola, ilishuka kwa zaidi ya nusu tangu katikati ya 2022. Serikali inapolipa kwa faranga nyingi kwa mara moja, anayezipokea hakai nazo. Anakwenda kwa kambisti, mbadilisha pesa, kununua dola kabla hazijapoteza thamani. Agosti 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka 11% hadi 25%. Katika nchi ambayo watu wanakopa kwa pesa ya nyumbani, pigo kama hilo lingesimamisha ujenzi na ununuzi wa magari. Hapa mikopo ya faranga ni michache, kwa hiyo kazi kubwa ya riba ile ilikuwa kuzishawishi benki ziziache faranga zao Benki Kuu badala ya kuzigeuza dola. Ilisaidia. Hata hivyo mwaka ulifungwa kwa mfumuko wa karibu 24%, mara mbili hivi ya mwaka uliotangulia.

Wazee waliomo humu hawahitaji kuelezwa upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1993 serikali ya Zaire ilibadilisha zaire milioni 3 za zamani kwa zaire mpya 1, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu 9,800%, kwa sababu mashine ya kuchapa noti ndiyo iliyokuwa hazina ya serikali. Kasai ilikataa noti mpya ikaendelea na za zamani, ambazo hazikuwa zikichapwa tena, na bei za huko zilipanda polepole kuliko kwingine. Mtu asiyejua uchumi wowote anaweza kuelewa somo hilo. Ndiyo maana mapatano ya uthabiti yaliyotiwa saini Agosti 2020 kati ya serikali na Benki Kuu, ya kwamba hazina isikope tena kwa Benki Kuu, ni ngao kubwa kuliko asilimia yoyote ya riba. Mwananchi anayefuatilia habari za uchumi na aulize kila mwezi kama mapatano hayo yanashikwa. Riba huweza kubadilishwa kwa kikao kimoja; imani iliyovunjwa na noti huchukua miaka kurudi.

Kuna jambo lililotushangaza wengi mwaka 2025. Mwezi wa tisa na wa kumi faranga ilipanda, dola ikatoka juu ya 2,800 ikashuka kuelekea 2,200 na kitu, na Oktoba Benki Kuu ikashusha riba yake hadi 17.5%. Lakini sokoni bei hazikushuka kwa kiasi hicho. Sababu zake zinaeleweka. Mwenye depo ana mzigo alioununua dola ikiwa ghali. Akiuza kwa bei mpya anapoteza mtaji, basi anangoja uishe. Pili, haamini kama kushuka kutadumu, na imani yake inategemea kama ameona miezi mitatu minne ya utulivu. Tatu, kodi ya nyumba na ada zilizoandikwa kwa dola hazikuguswa. Serikali ikitaka bei zishuke nyuma ya dola, kazi yake ni kushikilia kiwango kwa miezi, na kuchapisha kila wiki bei ya jumla ya bidhaa chache, yaani unga, mafuta ya kupikia, sukari na samaki wa kugandishwa, ili mnunuzi ajue anapoibiwa. Kupeleka polisi sokoni kulazimisha bei kunaficha mzigo, na mzigo uliofichwa unauzwa usiku kwa bei mbaya zaidi.

Tuje kwenye mazuti, ambayo hapa tutakaa kidogo.

Bei ya pompu katika nchi yetu inawekwa na serikali. Muagizaji ananunua Dar es Salaam kwa dola, kwa bei ya dunia, analipa meli, depo, lori na mpaka. Kisha anauza kwa faranga kwa bei iliyoandikwa na wizara. Bei ya dunia ikipita ile iliyoandikwa, kuna shimo. Serikali inaahidi kulijaza: hesabu inafanywa, inathibitishwa, halafu inalipwa kwa pesa au kwa kupunguziwa kodi. Ubaya huanzia kwenye muda. Muagizaji amekopa dola benki kwa siku 60 au 90. Serikali ikichelewa miezi sita, benki yake inamkatalia mkopo wa meli inayofuata. Hapo mafuta hayaletwi, na pompu zinafungwa ingawa bei iliyobandikwa ukutani ni nzuri. Bei ya chini isiyo na mafuta ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu mtu ataishia kununua kwenye kidumu kando ya barabara kwa bei mara moja na nusu, mengine yakiwa yamechanganywa na mafuta ya taa yanayoua pampu ya injini.

Ubaya wa pili ni kwamba ruzuku ya pompu haichagui. Mwenye lori tano anapata mara nyingi zaidi ya mama anayepanda basi dogo kutoka mtaa wa Ruashi. Na ikiwa bei yetu iko chini sana kuliko ya Zambia, madumu yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda upande ule. Ikiwa iko juu, yanarudi huku. Pande zote mbili hazina yetu inapoteza.

Zambia iliondoa ruzuku ya mafuta Desemba 2021 na tangu 2022 inapitia bei kila mwezi. Watu waliumia, tusifiche. Lakini mwenye lori wa Ndola anajua bei mpya itatangazwa lini, anapanga mikataba yake kwa mwezi, na muagizaji hadai serikali malimbikizo ya mwaka. Nigeria ilikwenda njia nyingine: ilingoja, ikaondoa ruzuku yote kwa tangazo la siku moja, tarehe 29 Mei 2023, na bei ya petroli ikaruka karibu mara tatu kabla mpango wowote wa kuwasaidia wasafiri haujasimama. Kwetu tunapendekeza hatua ndogo za kila mwezi, zenye kikomo, tuseme bei isipande wala kushuka zaidi ya 5% kwa mara moja, na pesa zinazookolewa ziende kwenye vitu viwili vinavyoonekana: usafiri wa mabasi ya watu wengi, na deni la waagizaji lilipwe kwa tarehe. Na bei ya msaada isiguse mafuta ya migodi hata lita moja. Shaba inauzwa kwa dola. Lori linalobeba shaba lilipe bei ya dola.

Sasa tupige hesabu ya lori, kwa sababu inafundisha kitu ambacho hakisemwi. Lori la tani 30 kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi linapita kilomita karibu 2,000. Likiwa limejaa linakunywa lita 45 hivi kwa kilomita 100, likirudi tupu lita 32. Jumla ni lita 1,540 za kwenda na kurudi. Tani 30 ni mifuko 600 ya kilo 50, basi kila mfuko umebeba lita 2.6 za mazuti. Mazuti yakipanda senti 30 za dola kwa lita, mfuko unaongezeka senti 77. Sasa chukueni lori hilohilo limekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa siku tano, na mwenye lori anatoza, tuseme, dola 200 kwa kila siku ya kungoja. Hiyo ni dola 1,000, sawa na dola 1 na senti 67 kwa kila mfuko. Foleni ya siku tano imepandisha bei mara mbili zaidi ya kupanda kwa mafuta, na hakuna Urusi wala Ukraine ya kulaumiwa. Karatasi zikipelekwa kabla lori halijafika, ofisi zote za mpakani zikikagua mara moja mahali pamoja badala ya kila moja kwa zamu yake, na mizigo ya chakula ikipewa mstari wake, tunapunguza bei za Lubumbashi bila kutumia ruzuku yoyote.

Agosti 2024 tuliona kinyume chake. Nchi yetu ilizuia vinywaji kuingia, Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo kwa siku chache. Sababu ilikuwa bia na soda, lakini waliosimama walikuwa pia malori ya unga, ya salfa na ya mafuta.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mvua.

Mwaka 2024 Zambia ilikauka. Februari serikali yake ilitangaza janga la kitaifa. Mavuno ya mahindi yalishuka hadi tani milioni 1.5 hivi, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, na mauzo ya nje yakafungwa. Ziwa la Kariba likashuka mpaka mitambo yake ya umeme ikabaki kuzungushwa kidogo kidogo. Kwa kuwa karibu 85% ya uwezo wa umeme wa Zambia wakati huo ulitokana na maji, miji yake ilikaa gizani saa 17 na zaidi kwa siku. Wandugu, mvua moja iliyokosa kunyesha ilitukata mara mbili: tunanunua mahindi Zambia, na migodi yetu inanunua umeme unaopita kwenye laini za Zambia kuja kituo cha umeme cha Karavia. Unga na umeme vilipanda pamoja kwa sababu vina chanzo kimoja. Mpango wowote unaosema "umeme ukikosekana tutategemea jirani, na mahindi yakikosekana tutategemea jirani" ni mpango mmoja tu ulioandikwa mara mbili.

Umeme wetu wenyewe uko wapi? Bwawa la Mwadingusha lilianza kazi mwaka 1930. Koni yenye megawati 42, Nzilo yenye 108 na Nseke yenye karibu 250 ni za miaka ya 1950. Zote nne kwa pamoja, zikiwa zima, hazipiti megawati 480. Busanga ya megawati 240 imeongezeka karibuni, lakini ilijengwa kwa ajili ya mgodi. Umeme mwingine unatoka mabwawa ya Inga kwenye mto Kongo, kupitia laini ya kilomita 1,700 hadi Kolwezi, iliyowashwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Laini hiyo inasafirisha umeme wa mkondo mnyoofu, na ndiyo maana inapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata taa moja: kuuchota njiani kunahitaji kituo cha kugeuza umeme chenye gharama kubwa. Kukarabati mtambo wa Inga, kama ule namba 5 wa Inga II wa megawati 178 uliokarabatiwa kwa ushirikiano na mgodi wa Kamoa-Kakula, ni jambo jema, lakini kama vituo vya kugeuza umeme na laini yenyewe havitengenezwi kwa mwendo uleule, umeme unabaki Inga na giza linabaki Katuba.

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, itaendelea kwa miaka. Kitu ambacho kinaweza kufanyika mwaka huu ni kuipanga. Umeme unaokatika saa nane kwa ratiba inayojulikana unaumiza kidogo kuliko unaokatika saa nne bila kujulikana, kwa sababu mwenye mashine ya kusaga anaweza kuhamishia kazi usiku na mwenye chumba cha baridi anaweza kugandisha zaidi kabla ya saa ya kukatika. Ratiba kwa kila kabini (kituo kidogo cha umeme cha mtaa), ibandikwe wiki moja mbele, na iheshimiwe. Umeme ukiwa haupo, watu wanarudi kwenye makala (mkaa), gunia la makala linapanda, na msitu wa miombo kuzunguka mji unazidi kurudi nyuma. Mfumuko wa bei wa mama wa nyumbani mara nyingi unaanzia kwenye gunia hilo.

Kwa wenye grupu, yaani jenereta: ya kVA 20 inayobeba nusu ya uwezo wake inakunywa lita 3 hivi kwa saa na kutoa kilowati 8. Kwa saa kumi ni lita 30 kwa kilowati-saa 80. Lita ikiwa dola 1.20, kilowati-saa moja inakugharimu senti 45 bila oili wala vipuri. Wengi wananunua grupu kubwa kupita kazi wakidhani ni akiba ya nguvu. Ikibeba chini ya theluthi ya uwezo wake muda wote, mazuti hayaungui vizuri, masizi yanajaa, oili inachafuka, na baada ya mwaka injini inavuta moshi mweusi na kunywa zaidi. Kinachowalazimisha kununua kubwa ni mota, ambayo ikiwashwa ghafla huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake. Wekeni kifaa cha kuanzisha mota polepole. Kinagharimu kidogo kuliko tofauti ya bei ya grupu mbili.

Mashine ya kusaga ya kilowati 15 inasaga kilo 250 kwa saa. Kwa umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ni kilowati-saa 60 hivi kwa tani. Kwa injini ya mazuti ni lita 16 kwa tani, yaani lita 0.4 kwa mfuko wa kilo 25. Kwa jua: Katanga ina jua zuri, kila kilowati ya paneli inatoa kilowati-saa nne hadi tano kwa siku. Mashine hiyo ikifanya kazi saa nne za mchana inahitaji paneli za kilowati 20 hivi na kifaa cha kuongoza mwendo wa mota, bila betri hata moja. Betri ndizo zinazofanya watu waone jua ni ghali. Anayesaga mchana hazihitaji. Wakati wa mawingu ya Januari kazi itapungua, kwa hiyo injini ya zamani msiiuze.

Na neno moja kuhusu unga wenyewe. Kilo 100 za mahindi zikikobolewa kupata unga mweupe sana zinatoa kilo 70 hadi 80. Zisipokobolewa zinatoa kilo 95 hivi, na zinapita mashineni mara moja badala ya mbili. Katika mwaka wa uhaba hiyo ni kama kuongeza karibu robo ya chakula cha mji bila kununua hata punje moja Zambia. Unga huo hauweki muda mrefu, unachacha baada ya wiki chache kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo usagwe kidogo kidogo. Shule, hospitali na magereza yanaweza kuanza.

Tumalizie na akiba ya mahindi, maana hapo ndipo mkoa wetu una uwezo wa kweli kuliko mikoa mingi. Tukikadiria watu milioni 3 na gramu 300 za unga kwa kila mtu kwa siku, Lubumbashi inakula tani 900 kila siku. Akiba ya siku 90 ni tani 81,000. Hakuna atakayejenga hayo kwa mwaka mmoja. Lakini tani 20,000, za kutuliza bei wiki tatu hivi wakati mpaka unapofungwa, zinawezekana. Pesa zipo kisheria: Kanuni ya Migodi ya 2018 inatoza shaba 3.5% na kobalti, kama madini ya kimkakati, 10%. Katika makusanyo hayo mkoa unapata 25%, miji na sekta za mahali 15%, na 10% zinakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Bei ya shaba ikiwa juu ndio wakati wa kutenga. Ikishuka, kama ilivyoanguka kwa zaidi ya nusu mwaka 1974, miezi michache baada ya mafuta kupanda, ni kuchelewa. Zaire ilikopa ikidhani shaba itarudi, na deni hilo lililipwa na watoto.

Nunueni Mei hadi Julai, mahindi yakiwa mengi; uzeni Desemba hadi Machi, nyumba zinapokuwa tupu. Mahindi yaingie ghalani yakiwa na unyevu usiozidi 13.5%, yapimwe kwa kipimo na si kwa jino, kwa sababu mahindi mabichi yanaota kuvu yenye sumu inayoharibu ini, na hakuna kupika kunakoiondoa. Magunia yapangwe juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani, na yaliyoingia kwanza yatoke kwanza. Fukizo la dawa lifanywe na waliofunzwa, ghala likiwa limefungwa na watu hawamo, kwa kuwa gesi yake inaua.

Akiba nyingi za Afrika haziliwi na wadudu peke yao. Zinaharibika pia siku ya kutolewa: mahindi yanauzwa kwa bei ya chini kwa watu wachache wenye karatasi, nao wanayauza upya siku hiyohiyo. Dawa yake inajulikana. Yauzwe kwa mafungu madogo, tani 30 kila moja, kwa mashine yoyote iliyosajiliwa, kwa mnada wa wazi, na majina na bei yabandikwe kila Ijumaa. Ghala liwe na funguo mbili zenye watu wawili wa ofisi mbili, na kiwango cha bei kinachofungua ghala kiandikwe mapema kwenye uamuzi wa mkoa, ili asije mtu kulifungua kwa sababu ya kampeni.

Kwa wafanyabiashara wadogo, jambo la mwisho: anayeuza kwa faranga asikope kwa dola. Aliyekopa dola 1,000 mwaka 2022 alihitaji faranga milioni 2. Mwisho wa 2023 alihitaji milioni 2.7, kabla ya riba. Kama benki haina mkopo wa faranga, kopeni dola kwa muda mfupi usiozidi mzunguko mmoja wa mzigo wenu, na andikeni kwenye mkataba kiwango cha dola mtakacholipia.

Sasa tunapokea maswali. Wenye mashine za kusaga wabaki baada yake, tutapitia pamoja ukubwa wa mota zenu na ratiba ya kabini za Katuba na Ruashi.